Rais wa Marekani akiamua kupiga nchi nyingine nani anamzuia? Bunge, mahakama au magazeti?

mwanaMzizima

Wakuu habari za jioni.

Kila Marekani ikirusha makombora mahali, humu lazima atokee mtu aseme "kule kuna demokrasia bwana, rais hawezi kuamka tu akapiga nchi ya watu, lazima apite bungeni". Juzi nimeikuta tena hiyo kauli nikaona bora tuiongelee kwa kirefu, maana inatuhusu sisi wa ukanda huu kuliko watu wanavyofikiri, makombora yanayotoka kwa amri ya ofisi ile yanadondoka hapo Somalia, na askari wao wamekaa Manda Bay, Lamu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aje baadae.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kongresi ya Marekani, yaani bunge lao lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, haijaporwa mamlaka ya vita na rais yeyote, imeyaachia yenyewe kidogo kidogo, na mara chache ilizoamka iliamshwa na magazeti, na magazeti yakilala nayo inalala.

Katiba yao ibara ya kwanza inasema Kongresi ndo inatangaza vita. Ibara ya pili inasema rais ni amiri jeshi mkuu. Waliogawa hivyo walikuwa wametoka kwenye utawala wa mfalme, hawakutaka mtu mmoja awe na jeshi na uamuzi wa kulipeleka vitani kwa wakati mmoja. Sasa mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Baada ya hapo hesabu mwenyewe: Korea, Vietnam, Ghuba, Kosovo, Afghanistan, Iraq, Libya, hakuna hata moja iliyotangazwa. Korea 1950 Truman alipeleka jeshi bila kuomba kura, alipoulizwa na waandishi akakubali kwamba ile ni operesheni ya kipolisi chini ya Umoja wa Mataifa. Wamarekani zaidi ya 33,000 walikufa mapiganoni kule.

Lakini mfano wa kuutazama taratibu ni Vietnam, maana pale unaona rais, bunge na magazeti wote kwa pamoja.

Agosti 1964 rais Johnson anawaambia wananchi kwenye televisheni kuwa boti za Vietnam Kaskazini zimeshambulia manowari za Marekani Ghuba ya Tonkin, tena mara mbili. La kwanza la tarehe 2 lilikuwepo. La pili la tarehe 4 halikutokea, mabaharia walikuwa gizani, bahari imechafuka, wanapiga vivuli vya kwenye rada. Magazeti yakachapa kama serikali ilivyosema. Siku tatu baadae Kongresi ikampa Johnson azimio la kufanya lolote analoona linafaa, Baraza la Wawakilishi kura 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Hao wawili walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, na wote wawili walipoteza viti vyao 1968.

Aliyelisimamia lile azimio Seneti alikuwa William Fulbright, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje. Baadae alijuta na akaanza kuipinga vita hadharani. Daniel Ellsberg, aliyekuwa mchambuzi anayefanya kazi na Pentagon (wizara yao ya ulinzi), alipopata zile nyaraka za siri zinazoonyesha serikali nne mfululizo zilivyowadanganya wananchi kuhusu Vietnam, alimpelekea Fulbright kwanza. Yaani mwenyekiti wa kamati, mtu anayeipinga vita, ana nyaraka mkononi, na ana kinga ya kibunge ya kusema lolote bila kushtakiwa. Hakuzitoa. Ellsberg akajaribu na wengine nako hola, mwisho akampa mwandishi wa New York Times, Neil Sheehan. Tarehe 13 Juni 1971 gazeti likaanza kuchapa.

Nixon akakimbilia mahakamani kuzuia. Gazeti likasimamishwa kwa amri ya mahakama, Washington Post likaendeleza, nalo likapelekwa mahakamani, na mengine yakaingia. Sasa wakati mahakama ya juu inajadili, usiku wa tarehe 29 Juni, seneta kijana wa Alaska anaitwa Mike Gravel, na huyu ndo yule aliyemtoa Gruening kwenye kiti 1968, anaitisha kikao cha kamati ndogo aliyokuwa mwenyekiti wake. Unajua kamati gani? Ya majengo ya umma na viwanja. Hakuwa na nyingine. Akaanza kusoma zile nyaraka kwa sauti usiku ule ziingie kwenye kumbukumbu rasmi za bunge, akasoma mpaka akashindwa kuendelea kwa kulia, zilizobaki akaziingiza kwenye kumbukumbu kama zilivyo. Kesho yake mahakama ikaamua 6 kwa 3 kuwa magazeti yaendelee.

Angalieni mpangilio wa matukio hapo. Nyaraka zilipita kwa maseneta wakubwa wa kamati nyeti zikakwama, gazeti lilipochapa ndo seneta mmoja wa kamati ya majengo akapata ujasiri. Na miaka miwili baadae Kongresi nzima ikapitisha Azimio la Mamlaka ya Vita la 1973, Nixon akalipinga kwa veto, tarehe 7 Novemba wakaipindua veto yake kwa theluthi mbili pande zote. Nixon wakati huo alikuwa ameshachoka kwa kashfa ya Watergate, nayo pia ni kazi ya waandishi kwa sehemu kubwa.

Hilo azimio linasema rais akiingiza jeshi kwenye mapigano atoe taarifa Kongresi ndani ya saa 48, na bila kibali chao ndani ya siku 60 aondoe jeshi, na siku 30 za nyongeza kwa ajili ya kuondoka salama. Zaidi ya hapo Kongresi ilijipa uwezo wa kumwamuru aondoe muda wowote kwa kura ya kawaida ya mabaraza mawili, bila kupita kwa rais.

Shimo lipo hapo mwishoni. 1983 mahakama ya juu, kwenye kesi ya mambo ya uhamiaji kabisa, ikasema Kongresi haiwezi kutoa uamuzi wenye nguvu ya sheria bila kumpelekea rais asaini au apige veto. Kwaiyo ile kura ya kawaida ikafa. Tangu hapo ukitaka kumsimamisha rais lazima umpelekee karatasi ambayo yeye mwenyewe ataikataa, afu utafute theluthi mbili. Kuanzisha vita rais hahitaji kura hata moja, kuizima inabidi bunge lipate theluthi mbili ya mabaraza yote mawili. Imejaribiwa. 2019 kuhusu Marekani kuisaidia Saudia kwenye vita ya Yemen, Seneti ilipitisha 54 kwa 46, Baraza 247 kwa 175, Trump akapiga veto, wakashindwa kuipindua. 2020 kuhusu Iran baada ya Marekani kumuua jenerali wao Soleimani, Seneti 55 kwa 45, veto, ikaishia hapo. Juni 2025 Trump alipopiga vituo vya nyuklia vya Iran vya Fordow, Natanz na Isfahan, seneta Tim Kaine alileta tena azimio, safari hii hata kura za kawaida hazikutosha, 47 kwa 53.

Naomba michango.

dereva_semi

Mkuu uzi mzuri ila kuna kitu hakijakaa sawa, mbona Bush aliomba kura kabla ya Iraq na akapewa? Kwahiyo sio kweli kwamba marais hawaombi

mwanaMzizima

@dereva_semi aliomba, ni kweli, na kura ile ndo inanitia uchungu kuliko zote kwa sababu hapo bunge lilikuwa na nafasi yote ya kusema hapana, halikubanwa na mtu.

Tazama ilivyoandaliwa. Jumapili tarehe 8 Septemba 2002 New York Times ukurasa wa mbele linatoka na habari kuwa Iraq inatafuta mirija ya alumini ya kutengenezea nyuklia, chanzo ni maafisa wa serikali wasiotajwa. Asubuhi hiyo hiyo makamu wa rais Dick Cheney yupo kwenye kipindi cha televisheni, anaulizwa kuhusu nyuklia, anajibu kwa kutaja habari iliyopo kwenye New York Times ya leo. Yaani serikali inatoa siri kwa gazeti, gazeti linachapa, kisha serikali inalishika gazeti kama ushahidi wa kujitegemea. Mtazamaji wa nyumbani anaona vyanzo viwili kumbe ni kimoja.

Mwezi mmoja baadae kura ikapigwa, Baraza 296 kwa 133, Seneti 77 kwa 23. Na maseneta walikuwa na ripoti ndefu ya kijasusi imewekwa chumba maalum waende wakaisome, ndani yake kulikuwa na mashaka ya wizara ya nishati kuhusu hiyo hiyo mirija. Waliokwenda kuisoma walikuwa wachache sana. Bob Graham, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Seneti, aliisoma akapiga hapana. Mirija ikaja kuonekana ni ya roketi za kawaida. Na kulikuwa na waandishi wa Knight Ridder, kampuni ya magazeti ya mikoani, Jonathan Landay na Warren Strobel, walioandika mapema kuwa wataalamu wa ndani wana wasiwasi, ila hawakuwa na gazeti Washington wala New York, wabunge hawakuwasoma. Mei 2004 New York Times wenyewe wakaandika kwa wasomaji kuwa habari zao hazikuchunguzwa inavyotakiwa. Vita ilikuwa ina mwaka mzima na zaidi.

Shangazi wa Kisauni

Wanangu mimi nasoma lakini kuna kitu sikubaliani nacho na nitakisema. Nyie mnaongea vita kama kitu cha vitabuni. Tarehe 7 Agosti 1998 al-Qaeda walipolipua balozi za Marekani, pale Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11, wengi wao Waafrika waliokuwa kazini, makarani, wapita njia, watu wa kwenye matatu, Wamarekani walikuwa 12 tu. Wengine walipofuka kwa vioo kwa sababu walisikia mlio wa kwanza wakakimbilia madirishani kutazama. Sasa rais aliyeshambuliwa namna ile akae asubiri wabunge mia tano wajadiliane wiki mbili huku wahusika wanahama? Hizo saa 48 na siku 60 mimi naona ndio busara yenyewe, kwanza apige halafu aulizwe. Usinijibu kwa katiba, nijibu kwa akili.

mwanaMzizima

Shangazi shikamoo. Nakuelewa na sipingi kuwa rais aweze kujihami haraka, hata waandishi wa katiba yao walikubaliana rais aweze kuzima shambulio la ghafla. Ila hebu tuliangalie hilo hilo la 1998 lilivyoendelea, maana linajibu.

Tarehe 20 Agosti, siku kumi na tatu baada ya Nairobi na Dar, Clinton akarusha makombora ya Tomahawk sehemu mbili kwa wakati mmoja. Moja ni kambi za Afghanistan, hizo zilikuwa kweli za al-Qaeda. Nyingine ni kiwanda cha Al-Shifa, Khartoum, kikaelezwa ni cha kutengeneza kemikali za silaha. Kongresi haikupiga kura, ilipata barua. Sasa siku kumi na tatu Shangazi sio dharura ya dakika, ulikuwepo muda wa kuwaita hata viongozi wa kamati ukawaonyesha ushahidi wa kiwanda. Ushahidi wenyewe ilikuwa sampuli ya udongo uliochukuliwa nje ya kiwanda kwa siri.

Waandishi walipofika Khartoum walikuta vifusi na dawa zimetapakaa, za binadamu na za mifugo. Kiwanda kilikuwa kinatoa sehemu kubwa ya dawa za Sudan. Maafisa wakaanza kubadilisha maelezo, mwanzo walisema hakitengenezi dawa za kuuza, baadae wakakubali kinatengeneza. Mmiliki alifungua kesi Marekani, Mei 1999 serikali ikaziachia pesa zake ilizokuwa imezizuia, haikumuomba radhi.

Na midia ya Marekani wiki ile ilikuwa wapi? Tarehe 17 Agosti, siku tatu kabla, Clinton alikiri uhusiano wake na Monica Lewinsky. Kwaiyo mjadala mzima wa magazeti ukawa "je amerusha makombora kufunika kashfa". Udongo, kiwanda, mgonjwa wa Khartoum atakayekosa dawa, hayo yakaja nyuma sana. Watu wetu waliokufa Nairobi na Dar wakawa utangulizi wa habari ya Washington. Hilo linaniuma mpaka leo.

Shangazi wa Kisauni

Marahaba. La kiwanda silitetei. Lakini la kusubiri bunge bado nalikataa, kama wewe mwenyewe unasema lile bunge linapiga kura bila kusoma ripoti, kulisubiri kutasaidia nini?

Mwalimu Mstaafu

Naomba kuchangia kidogo. Kwetu Tanzania katiba ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, halafu nakala inakwenda kwa Spika, na ndani ya siku 14 Spika anaitisha Bunge kufikiria kuunga mkono au la. Mwalimu Nyerere tarehe 2 Novemba 1978 alipotuambia kuwa uwezo wa kumpiga tunao, sababu za kumpiga tunazo na nia ya kumpiga tunayo, Idi Amin alikuwa ameshaingia Kagera kwa majeshi. Huko kulikuwa ni kuvamiwa, hapakuwa na mtu wa kuuliza. Wakenya kwenye katiba yao ya 2010 wameweka kuwa jeshi kutumwa nje ya nchi kunahitaji idhini ya Bunge, lakini Oktoba 2011 jeshi lao, KDF, walivuka kwenda Somalia na Bunge likaja kujadili baadae. Kwa hiyo tusiwaone Wamarekani peke yao, amiri jeshi popote anapenda kutangulia.

Swali langu kwa mleta uzi. Mahakama iko wapi? Nyuzi nyingi watu wanaisahau.

mwanaMzizima

Shikamoo Mwalimu. Mahakama mara moja ilifanya kazi kwelikweli, 1952 Truman alitwaa viwanda vya chuma kwa kisingizio cha vita ya Korea, mahakama ya juu ikamwambia virudishe, 6 kwa 3, na akarudisha. Ila hiyo ilihusu mali ndani ya Marekani. Kwenye mabomu ya nje majaji wanakwepa. 1999 Clinton alipiga Yugoslavia siku 78, Baraza la Wawakilishi likapiga kura kuidhinisha zikatoka 213 kwa 213, yaani halikuidhinisha, wabunge kadhaa wakaenda mahakamani kusema basi ni haramu. Wakaambiwa hawana haki ya kushtaki kwa sababu Kongresi ina njia zake yenyewe za kumzuia rais, ikazitumie.

Na Mwalimu mimi hapo nawaelewa majaji. Njia zipo, na kubwa ni pesa, hakuna risasi inayonunuliwa bila Kongresi kuidhinisha bajeti. Wakitaka wanaweza. 1973 walikata pesa zote za mapigano Indochina kuanzia tarehe 15 Agosti, mabomu ya Kambodia yakasimama siku hiyo. Oktoba 1993 walipokufa askari wao 18 Mogadishu, picha za maiti inaburutwa barabarani zikatoka kwenye televisheni, haikuchukua muda seneta Robert Byrd akaweka kipengele cha kukata pesa za Somalia baada ya tarehe 31 Machi 1994, na jeshi likaondoka. Unaona tena picha ilitangulia, kura ikafuata.

Sasa linganisha na Libya 2011. Siku 60 zilipita Mei, Obama hakuomba kibali, wanasheria wake wakasema kwa kuwa ndege zinapiga kutoka juu na hakuna askari chini, sheria haihusiki. Tarehe 24 Juni Baraza likapiga kura kukataa kuidhinisha, 295 kwa 123. Siku hiyo hiyo, ukumbi ule ule, likaletwa pendekezo la kukata pesa za mapigano, likakataliwa 238 kwa 180. Kwenye kura moja mbunge anamwambia rais sijakuruhusu, kwenye kura ya pili anaendelea kulipia. Mbunge akirudi jimboni ana jibu kwa kila mpiga kura. Vita ikienda vizuri aliilipia, ikienda vibaya hakuiruhusu. Shangazi hili ndo jibu langu kwako pia, mimi sisemi tulisubiri bunge kwa sababu lina hekima, nasema lilazimishwe kuweka jina lake kwenye kura moja inayoeleweka ili mtu awajibike.

kaka_Minneapolis

Niko huku Marekani miaka mingi, nalipa kodi zao na napiga kura, nataka nikusahihishe sehemu moja kaka. Unaziinua sana gazeti. Hao New York Times unaowasifu kwa 1971, walijua kwamba serikali ya Bush inasikiliza simu za watu bila kibali cha jaji, waandishi wao James Risen na Eric Lichtblau walikuwa wameshaiandika, White House wakawaomba wasitoe kwa sababu za usalama wa taifa, wahariri wakakaa nayo zaidi ya mwaka mzima, uchaguzi wa 2004 ukapita katikati hapo watu wakapiga kura hawajui. Ikatoka Desemba 2005, na tena Risen alikuwa anakaribia kuitoa kwenye kitabu chake. Sasa hapo gazeti lina tofauti gani na yule Fulbright wako aliyekaa na nyaraka?

Afu ile ya Iran-Contra 1986, serikali ya Reagan inauza silaha Iran kwa siri na pesa inapeleka kwa waasi wa Nicaragua wakati Kongresi imekataza kwa sheria. Gazeti zote kubwa za hapa hazikuifichua, aliyeivunja ni jarida la Beirut, Ash-Shiraa. Lebanon!

Na siku hizi ni mbaya zaidi, Oktoba 2025 Pentagon walileta masharti mapya ya waandishi, karibu vyombo vyote vikubwa vikakataa kusaini, waandishi wakarudisha vitambulisho wakatoka na maboksi yao. Machi mwaka huo huo mipango ya kupiga Yemen ilijulikana kwa sababu tu mhariri wa The Atlantic aliingizwa kimakosa kwenye grupu la mawaziri la Signal (app ya kutumiana meseji). Usitegemee bahati hiyo kila mwaka.

mwanaMzizima

@kaka_Minneapolis hiyo ya 2005 nakubaliana na wewe neno kwa neno na nadhani ni mbaya kuliko ya Fulbright, maana gazeti halina kiapo kwa serikali. Ila ona kilichofuata ilipotoka, Kongresi ambayo baadhi ya viongozi wake walikuwa wameshaelezwa faraghani wakanyamaza, ndo ikaanza kuita vikao. Seneta Jay Rockefeller alikuwa ameandika barua kwa mkono 2003 kwenda kwa Cheney kueleza wasiwasi wake, nakala akaifungia kwenye sefu, kwa sababu hakuruhusiwa hata kumuonyesha mwanasheria wake. Mbunge aliyeambiwa siri na akakatazwa kuisema hana tofauti kubwa na asiyeambiwa. Ndo maana nasema bila habari kutoka nje ya chumba hawasogei.

La Pentagon na vitambulisho ni hatari kweli na watu huku hawajalipa uzito. Mwandishi anayekaa ndani ya jengo anakutana na kanali kwenye korido, anasikia mambo ambayo msemaji hatasema. Ukimtoa, anabaki na taarifa kwa vyombo vya habari tu.

Chumvi Baharini

Mi niko Lamu, nimesoma yote. Naomba kuuliza swali la mtu wa kawaida. Hao al-Shabaab wanapigwa na droni za Marekani kila siku, na hawa jamaa wapo hapa Manda. Wanatumia sheria gani? Kongresi ilikubali lini vita ya Somalia?

mwanaMzizima

Chumvi hilo ndo swali ambalo wabunge wao wenyewe wengi hawawezi kukujibu.

Kibali kinachotumika kilipigiwa kura tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York. Maneno ya msingi ni 60 tu. Kinamruhusu rais kutumia nguvu dhidi ya waliopanga, waliotekeleza au waliosaidia shambulio la 11 Septemba, na waliowahifadhi. Seneti 98 kwa 0, Baraza 420 kwa 1. Huyo mmoja ni Barbara Lee wa California, alisimama akilia akaomba wenzake wafikirie kwanza wasije wakampa rais hundi isiyo na kikomo, baadae akatumiwa vitisho vya kuuawa mpaka akawekewa ulinzi. Kwenye maneno yale 60 huwezi kukuta Somalia. Al-Shabaab kama tunavyoijua imepata nguvu 2006 na kuendelea, miaka mitano baada ya kura. Kilichofanyika ni serikali kuanzisha tafsiri kuwa kibali kinawagusa hata washirika wa al-Qaeda, na Novemba 2016, Obama akiwa amebakiza wiki chache, serikali yake ikaamua kundi zima la al-Shabaab limo. Hakuna kura. Watu walijua kwa sababu New York Times liliandika.

Sasa njoo kwako Lamu. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab wakaingia uwanja wa ndege wa Manda Bay, ndege ya upelelezi ikapigwa roketi ikiwa inatembea kuelekea kuruka, Wamarekani watatu wakafa, askari mmoja na wakandarasi wawili. Dunia wiki ile ilikuwa inaangalia Iran, Soleimani alikuwa ameuawa siku mbili kabla, kwaiyo Manda Bay ikapewa nafasi ndogo kwenye habari, na ripoti ya uchunguzi ya Pentagon ikatoka hadharani 2022. Mwisho wa 2020 Trump akaamuru askari kama 700 watoke Somalia, Mei 2022 Biden akaidhinisha warudi chini kidogo ya 500. Wametoka wamerudi, Kongresi haikupiga kura kwa lolote kati ya hayo.

Na kabla hujashangaa, Oktoba 2017 askari wanne wa Marekani waliuawa Niger, kijiji cha Tongo Tongo. Seneta Lindsey Graham, mtu aliyekaa kamati ya majeshi miaka mingi, akasema kwenye televisheni kuwa hakujua kuna askari wao elfu moja Niger. Anayepitisha bajeti yao huyo.

Chumvi Baharini

Hapo nimekaa kimya kidogo. Kwahiyo hawajawahi kupiga kura yoyote kuhusu Somalia tangu hiyo 1993?

mwanaMzizima

Wamepiga moja ya maana. Aprili 2023 mbunge Matt Gaetz wa Republican alileta azimio la kuondoa askari Somalia, akitumia kile kile kifungu cha 1973. Likashindwa, 102 ndio, 321 hapana, na ukiangalia waliosema ndio wametoka vyama vyote viwili, waliosema hapana pia. Mimi nayaheshimu yale majina 321 kuliko wale wa Libya, angalau hawa wamesema waziwazi askari wakae.

Shangazi wa Kisauni

Mimi ningekuwa huko ningekuwa kwenye hao 321, nisikufiche. Lakini ningetaka nijadili siku nzima kwanza, na wananchi wasikie. Hiyo kura huku pwani sikuisikia kwenye redio yoyote wala gazeti, na ndege zinaruka hapa hapa kwetu.

Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi, hayo majina ya waliopiga kura yanapatikana wapi? Nina wajukuu wanasoma sayansi ya siasa, nataka wayaone wenyewe.

mwanaMzizima

Yapo Mwalimu, tovuti ya karani wa Baraza la Wawakilishi, atafute kura za tarehe 27 Aprili 2023, inaonyesha jina la mbunge, jimbo, chama na alichopiga. Za Seneti zipo tovuti ya Seneti, za 2019, 2020 na 2025 zote nilizotaja. Waanze na zile mbili za Libya za tarehe 24 Juni 2011, wachapishe karatasi mbili waziweke pamoja, watafute nani alikataa kwenye ya kwanza na akaendelea kulipia kwenye ya pili.